Mchumba Huonwa Siku ya Mechi

Msibani ndiko mahali pekee Mississippi ambako mtu anaweza kukaa na mgeni saa nzima bila kuulizwa timu yake. Ndiyo maana Nelda Sumrall alinaswa. Angekutana na Prentiss Alford dukani, au hata kwa daktari wa meno, angejua kwenye sentensi ya pili kwamba mtu huyu ni Kanali, wa timu ile nyingine, angemtakia siku njema na kushika njia yake. Lakini walikutana mwezi wa tatu kwenye maziko ya mtu ambaye wote wawili walimjua kwa mbali. Kila mtu alikuwa amevaa nyeusi, hakukuwa na kofia wala rangi ya timu, na mchungaji akakosea jina la marehemu mara mbili. Mara ya kwanza Nelda alijikaza. Mara ya pili alimsikia mzee aliyekaa kando yake akikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko, naye yakamshinda. Wakatolewa nje kwa adabu, wakaenda kumalizia kucheka nyuma ya kanisa, wameshikana mikono wasije wakaanguka.

Siku walipokuja kuulizana timu, maji yalikuwa yamekwisha kuzidi unga.

"Mimi ni Nyumbu," alisema Nelda.

"Yesu wangu," alisema Prentiss, akaweka chini kikombe cha kahawa.

Nyumbu ni watu wa Chuo cha Kilimo cha Hatchabee, na nyumbu wenyewe ni wale watoto wa punda na farasi, si wale wa mbugani. Makanali ni watu wa Chuo Kikuu cha Lamarville, wanaovaa nyekundu. Kati ya vyuo hivi viwili kuna mwendo wa saa moja na nusu na miaka mia ya matusi. Kila Novemba hupambana kwa mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa na kukimbia nao mkononi. Nyumbu husema kwamba Makanali wote ni wanasheria na watoto wa majaji, na hakuna aliyewahi kushika jembe ila siku ya kuzindua jengo. Makanali husema kwamba Nyumbu huoga Jumamosi kwa Jumamosi, na ng'ombe akizaa huko Hatchabee darasa linafungwa. Hakuna upande uliowahi kwenda kuhakikisha. Jambo likikupa raha namna hiyo, ya nini kulichunguza?

Prentiss alimposa mwezi wa saba, kibarazani kwa Nelda, huku wakipukuchua kunde. Mzee alikuwa na miaka sitini na saba, mama sitini na mbili, wote wajane, na wote wawili masikio yaliwawaka kama ya watoto wa shule. Ng'ombe hazeeki maini.

"Nakupenda, hilo silifichi," Nelda alimwambia. "Lakini mwanamume ambaye hujamwona siku ya mechi hujamwona. Ngoja Novemba. Mechi ikiisha nitakujibu."

"Na tukifungwa?"

"Hapo ndipo nitakapokuona vizuri."

Lilikuwa jibu la haki, na mji mzima wa Hatchabee ungelipigia makofi. Ila haikuwa sababu yote. Nelda aliogopa. Alikuwa amesikia habari za mahema ya Makanali tangu utotoni: vitambaa vyeupe mezani, sinia za fedha, na taa za vioo za kuning'inia, zile za kumbi za hoteli, zimetundikwa ndani ya turubai mchana kweupe. Alijiona amekaa chini ya taa kama hiyo, watu wanamtazama vidole, na Prentiss pembeni akimwombea radhi kwa macho. Aliweza kuvumilia mambo mengi maishani, lakini kuombewa radhi hakuweza.

Tena kulikuwa na jambo la ng'ombe. Prentiss alipomuuliza anaishi kwa kazi gani, alisema ana ng'ombe kidogo. Huko Hatchabee ndivyo watu wanavyosema. Mwenye ng'ombe mmoja husema anao wa kutosha, mwenye elfu husema anao kidogo, na kumuuliza mtu idadi ni kama kumuuliza ana meno mangapi. Nelda alikuwa na zaidi ya elfu. Walikuwa ng'ambo ya mto, pamoja na kiwanda na malori. Wale waliokuwa wakionekana kutoka kibarazani ni majike wawili wazee aliowastaafisha kwa huruma. Pikapu aliyoendesha ilikuwa na mlango uliofungwa kwa kamba, kwa sababu kamba ilikuwa nzuri bado. Prentiss akaamini alichokiona, na Nelda hakuona sababu ya kuanza kujisifu.

Asubuhi ya mechi, Jewel alikuja mapema kumwandaa. Jewel alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, Hoyt, na ndoa hii aliitaka kuliko maharusi wenyewe.

"Vaa lulu, wifi," alisema, akimzungushia mkufu usoni. "Hao watu watakunusa."

"Wanuse."

"Watakuuliza baba yako alikuwa nani."

"Nitawaambia alikuwa baba yangu."

"Mimi kuna Kanali mmoja aliniuliza kama Hatchabee tuna umeme. Nikamwambia tunao, ila tukiwaona nyie mnakuja tunauzima." Jewel akaketi kitandani, akamtazama Nelda akiingia kwenye ovaroli lake la kijani. "Basi hata hereni. Hereni hazimuumizi mtu."

Nelda alivaa hereni. Akachukua pai yake ya mtindi, akachukua na ndoo ya kukamulia na mwiko wa kuipigia, maana Nyumbu bila ndoo siku ya mechi ni sawa na padre bila kanzu. Jewel akaagana naye mlangoni kama anayempeleka mtu vitani. Kisha akakimbilia pikapu, akamrushia ule mkufu wa lulu dirishani. "Weka mfukoni tu," alisema. "Kwa usalama."

Uwanja wa miti wa Lamarville ulikuwa umefunikwa na mahema mekundu kiasi kwamba nyasi hazikuonekana. Vijana walipishana wamevaa tai, mashavu mekundu kwa joto, kwa kuwa Novemba hiyo haikuwa imepata habari kwamba ni Novemba. Nelda alipita katikati yao na ovaroli lake na ndoo, na kila hema alilolipita lilinyamaza kidogo, likamwangalia, halafu likamsalimia kwa tabasamu la hospitali. "Karibu, mama. Umepotea?" alimuuliza bwana mmoja. "Bado," alisema Nelda.

Hema la kina Alford alilijua kabla ya kusoma jina. Taa ilikuwa pale. Ilikuwa kubwa kuliko alivyoogopa, ya vioo safu tatu, inameremeta na kutikisika kila upepo ulipopita, na chini yake alisimama Prentiss amevaa koti jekundu na tai ya kipepeo, jasho likimtiririka, akicheka peke yake kwa furaha ya kumwona.

"Umekuja na ndoo," alisema.

"Ulitaka nije na nini?"

"Na hiyo hiyo." Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya meza kati ya sinia mbili za fedha, akarudi nyuma hatua moja kuitazama.

Dada yake, Augusta, ndiye aliyekuwa mwenye hema. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizotengenezwa hata upepo ukaziogopa. Alimpa Nelda vidole vitatu vya mkono, akamsifia hereni, akamkaribisha kuku wa kukaanga kutoka kwenye sinia. "Mapishi ya bibi yetu," alisema. "Hatumpi mtu."

Nelda aliuma. Pilipili manga nyingi, ukoko mnene, chumvi imezidi kidogo. Kuku huyu alimjua. Asubuhi ile ile alikuwa amenunua mapaja mawili ya namna hii kwenye sheli ya njia panda, akayala akiendesha. Akajiuma ulimi asije akasema kwamba bibi huyo huuza na dizeli pia.

"Bibi yenu alikuwa na mkono mzuri," alisema.

"Ahsante," alisema Augusta, na akaona haya kidogo shingoni. Nelda alianza kumpenda kwa ajili ya haya hiyo. Upendo wenyewe ulidumu mpaka Augusta alipomshika kiwiko na kumpeleka nyuma ya hema, karibu na jenereta, ambako mtu akisema jambo hasikiki na wa mbele.

"Dada Nelda, nitasema kwa upendo," alianza Augusta, na Nelda akajua kwamba upendo haupo. "Kaka yangu ana moyo laini. Na jina la Alford, sijui kama huko kwenu linajulikana, ni jina lenye uzito. Kuna nyumba. Kuna mambo ya ukoo. Sasa, mwanamke mjane, ana maisha yake magumu, akiona nyumba yenye nguzo kubwa mbele, akiona hema kama hili... ni binadamu. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba sisi tunaona."

Nelda alimtazama. Ilimchukua muda kuelewa, kwa sababu katika miaka sitini na miwili ya kukaa duniani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anawinda mali ya mtu.

"Prentiss ametuambia una ng'ombe wachache," Augusta aliongeza kwa upole. "Ni kitu kizuri, ng'ombe."

"Ni wazuri," alisema Nelda. "Hawasemi."

Akarudi mbele ya hema. Nusu ya hasira ile ilikuwa kicheko, na hiyo angeimaliza nyumbani na Jewel. Nusu nyingine ilichoma. Kwa hiyo ndivyo Prentiss alivyomweleza kwao: mjane, ng'ombe wachache, mumwonee huruma. Alimwona kule anamkatia mtu pai, akiisifu kwa sauti, na sifa zile zote zikamgeuka sadaka. Nelda akapiga moyo konde. Jibu akawa nalo tayari, nalo lilikuwa hapana. Angelisema kwa heshima, baada ya mechi, kama walivyokubaliana. Kuondoka kabla ya mechi lilikuwa jambo ambalo hata hasira haiwezi kumfanyisha mtu.

Walikaa upande wa Makanali, Nelda katikati ya Prentiss na Augusta, doa moja la kijani kwenye bahari ya nyekundu. Na hapo ndipo alipoanza kumwona mwanamume wake siku ya mechi.

Prentiss alikuwa mwendawazimu. Aliyekuwa akizungumza taratibu kibarazani, mwenye kumaliza sentensi zake zote, sasa alisimama, akakaa, akasimama tena kabla hajakaa vizuri. Alimwita mwamuzi mwanangu, kisha ndugu yangu, kisha wewe mtu. Alimwahidi Mungu kwamba ataacha vitu viwili vitatu. Lakini Nyumbu walipofunga mara ya kwanza, na ng'ambo ya uwanja ndoo elfu kumi zikalia kwa mpigo, Nelda aliganda na mwiko mkononi, watu wekundu wote wamemkodolea macho. Prentiss akafumba macho, akainama, akaichukua ile ndoo kutoka miguuni pake, akampakatisha.

"Piga," alisema, macho bado yamefumba. "Timu yako imefunga. Ilikuwa mbio nzuri sana. Piga nisikie yaishe."

Nelda akapiga mara tatu, polepole. Lile hapana lililokuwa limekaa imara kifuani likasogea kidogo.

Robo ya mwisho, Nyumbu walikuwa mbele kwa pointi nne, na Makanali wakafanya lile wanalofanya wakizidiwa. Hawazomei. Hutoa funguo za magari yao mfukoni, wanazinyanyua juu na kuzitikisa, uwanja wote unalia kengele ndogo ndogo, na wanaimba kwa sauti tamu ya kanisani:

"Shindeni, shindeni tu, Jumatatu mko kazini kwetu."

Wanasheria waliimba, na mafundi magari pia, na yule mama anayeuza tiketi mlangoni, na mzee mmoja aliyekuwa hana kazi tangu mwaka juzi. Wote siku hiyo walikuwa waajiri. Prentiss peke yake aliweka mikono mapajani na hakuimba, akautazama uwanja. Safu mbili mbele yao kijana mmoja mpana, kifua wazi, amejipaka rangi nyekundu kuanzia kipajini mpaka kitovuni, aliona kuimba tu hakutoshi, anahitaji Nyumbu wa kumwimbia. Akageuka kumtafuta. Akaona ovaroli la kijani. Akamnyoshea kidole, akapandisha sauti, akatikisa funguo hadi karibu na pua yake.

"Mtafagia, mtafua, mtatupigia saluti..."

Kwenye saluti macho yao yakakutana.

Nelda alizitambua funguo kwanza. Zilikuwa na kijibao chenye picha ya ng'ombe. Zilikuwa funguo za gari la kampuni yake.

"Habari za leo, Fitch," alisema.

Kijana alishusha mkono. Chini ya ile rangi, uso wake ulitafuta rangi nyingine ukakosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe una sauti."

"Bosi, mimi..."

"Siku ya usaili ulisema mpira huufuatilii. Nilikuonea huruma, mwanangu. Nilifikiri una maradhi." Watu wa safu tatu walikuwa wameacha kuimba ili wasikie. "Usiache ubeti katikati, si vizuri. Jumatatu nani yuko kazini kwa nani?"

"Mimi kwako, mama."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili kamili."

Safu tatu zile, nyekundu kwa nyekundu, zikaangua kicheko kikubwa. Bwana mmoja alidondosha soseji yake. Nelda naye alicheka mpaka hereni moja ikachomoka, maana hasira ya nyuma ya hema ilikuwa imepata njia ya kutokea. Ni Augusta tu ambaye hakucheka. Alikuwa akimtazama kijana, kisha Nelda, kisha kijana.

"Fitch," alisema, "unamjua vipi Dada Nelda?"

"Mama," alisema Fitch, kwa sababu Augusta alikuwa mama yake mzazi, na hilo ndilo jambo ambalo Nelda hakulijua. "Huyu ndiye Bi Sumrall. Wa maziwa."

"Maziwa gani?"

"Yote," alisema Fitch.

Mpira ulirushwa mara mbili na Augusta hakuuona. Kisha akauvuta mto wake wa kukalia, akauingiza chini ya Nelda kwa mikono yake mwenyewe. "Dada Nelda, mpenzi, kiti hiki ni kigumu," alisema. Akauliza kama upepo haumsumbui. Akasema kwamba maziwa yale wanayanywa kwao miaka yote, hawajawahi kubadilisha. Nelda aliona kwamba alipendelea kudharauliwa. Dharau angalau ilikuwa imemwacha akae kwenye kiti chake kwa amani.

Akamgeukia Prentiss ili wacheke pamoja, kama nyuma ya kanisa. Prentiss hakuwa akicheka. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, yeye alikuwa amekaa, na alikuwa akimtazama Nelda kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake na ndio kwanza anagundua.

"Ng'ombe kidogo," alisema.

"Kuna watu jimbo la Wisconsin wanao zaidi."

Mechi ilimchukua tena, ila sasa aliitazama kimya, na kimya kile kilimtia Nelda hofu kuliko kelele zote. Makanali wakapunguza, wakabaki nyuma kwa pointi moja, wakapata mkwaju wa mwisho, wa kupitisha mpira kati ya nguzo mbili, muda ukiwa umekwisha. Watu elfu sitini wakashika pumzi. Mpira ukapaa, ukaenda vizuri, ukaanza kupinda, ukagonga nguzo ya kulia, ukaanguka upande wa nje.

Nelda hakumbuki vizuri kilichofuata. Anakumbuka ndoo. Anakumbuka kumkumbatia jaji mmoja asiyemjua na kumbusu kwenye upara. Ng'ambo ya uwanja Nyumbu walikuwa wanalia, wanaruka, wanarushiana kofia, naye alikuwa nao kwa roho yake yote. Alipopata akili alimwona Prentiss amesimama, mikono ikining'inia, tai ya kipepeo imelala upande, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Hakuwa amemlaani mtu wala kusema kwamba waliibiwa. Alimpa Nelda mkono, akamwongoza kwenye ngazi asije akajikwaa, akambebea ndoo.

Walipofika kwenye miti, vijana wawili walikuwa wamepanda ngazi ndani ya hema la kina Alford, wanaifungua ile taa na kuishusha kwenye sanduku. Walikuwa na haraka. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba saa moja inatakiwa kwenye harusi mji wa pili.

Prentiss akasimama.

"Taa ni ya kukodi," alisema. "Hema pia. Sinia ni za bibi kweli, lakini kuku..."

"Kuku namjua."

"Nyumba ya nguzo ni ya Augusta na ya benki, na ya benki zaidi. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia, Nelda, sekondari ya serikali, mpaka nilipostaafu. Nimepanga vyumba viwili juu ya duka la viatu. Hukuwahi kuuliza, nami nikaona unaniheshimu, sikutaka kuiharibu." Aliiangalia ndoo mkononi mwake. "Kwetu nilisema una ng'ombe wachache kwa sababu nilitaka wajue kwamba mimi ndiye niliyekufuata, hivyo ulivyo. Nilijivunia hilo. Sasa watu watasema Alford amefuata maziwa. Kwa hiyo lile swali langu la mwezi wa saba, naliondoa. Samahani sana."

Nelda alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi siku ile, lakini kunyang'anywa posa akiwa ameshinda mechi hakujiandaa nako. Hasira ilimpanda tena, na safari hii ilikuwa hasira tamu, ya mtu anayepigania chake.

"Wewe," alisema. "Miezi minne silali vizuri kwa ajili ya taa ile pale. Miezi minne najiona nimekalishwa kwenye viti visivyokaliwa, watu wananihesabu meno. Nilikupa kisingizio cha mechi kwa sababu nilikuogopa. Wewe na majaji wako. Ningejua huna kitu, Prentiss Alford, ningekujibu siku ile ile na kunde mkononi."

Nyuma yao taa ikaingia sandukuni kwa mlio wa vioo. Uso wa Prentiss ulianza kubadilika kuanzia machoni, na Nelda akaona furaha inapanda humo kama maziwa yanayotaka kufurika.

"Kwa hiyo jibu lako..."

"Jibu langu ni..."

"Usiseme." Akainua mkono, ule uliokuwa na ndoo. "Nakuomba, Nelda. Usiseme leo."

"Unanikataa tena?"

"Nijibu kesho."

"Kesho kuna nini?"

"Kesho si leo." Akaielekeza ndoo uwanjani. "Tumefungwa na Nyumbu. Nyumbani kwetu. Kwa nguzo. Ukinijibu sasa nitafurahi, najijua, nitafurahi mpaka nicheze. Na nitakufa nikikumbuka kwamba siku kama ya leo nilicheza. Niache niwe na huzuni yangu usiku huu. Kesho nitakuwa wako kabisa."

Mwanamke wa mahali pengine angempiga na ndoo ile. Lakini Nelda ndiye yule ambaye, mwaka Nyumbu walipofungwa pointi arobaini, alimwona mjukuu wake wa kwanza hospitalini na kusema tu kwamba ni mzima, akarudi garini kukaa gizani. Mjukuu alikuja kusifiwa Jumanne. Alimtazama mzee huyu mwekundu, jasho limemkaukia, machozi yamemchora mistari mashavuni, anaomba furaha iahirishwe kwa heshima ya msiba, na kitu kizito kilichokuwa kimekaa kifuani mwake tangu mwezi wa saba kikayeyuka chote. Alimpenda. Alimpenda hata akaona aibu jinsi anavyotabasamu, na ilibidi ageuze uso ili asimuumize.

"Haya," alisema. "Kesho."

"Ahsante."

"Pole, Prentiss."

"Ahsante," alisema tena, na sauti ikamkatika.

Jewel alipopigiwa simu njiani aliuliza jambo moja tu. "Umempata au hujampata?"

"Amefiwa," alisema Nelda. "Niulize kesho."

"Ah," alisema Jewel, ambaye naye ni Nyumbu wa kuzaliwa. "Basi mpe pole zangu."

Kesho yake Prentiss alikuja baada ya ibada, amevaa shati jeupe, macho yamevimba kidogo. Akaketi kibarazani, akaanza kueleza kwamba pale uwanjani, upande wa kulia, jioni huwa kuna upepo unaotoka mtoni ambao mgeni hawezi kuujua, ila mpigaji wao alipaswa kuujua, maana ni mwenyeji. Alieleza upepo ule kwa kirefu, kwa mikono, na vikombe viwili vikiwa nguzo. Nelda alimwacha amalize. Kisha akamjibu, na jibu lilikuwa fupi sana kuliko habari ya upepo.